Mkojo wa Mama Mkwe

Papa alikuwa mpima mikojo. Hospitalini alivaa koti jeupe na cheo chake kwa Kifaransa kilijaza mdomo, lakini kwetu Kabondo nani alikuwa na haja ya Kifaransa? Nikipita kwenda shule, watoto wa jirani waliniimbia, "Mutoto ya papa mukojo! Mutoto ya papa mukojo!" Nami nilizaliwa na hasira za karibu. Niliweka mfuko chini nikapigana. Nilirudi nyumbani blauzi nyeupe imechanika, mama akanichapa kwa kupigana, halafu akanishonea blauzi huku anacheka mpaka sindano ikamponyoka.

Papa mwenyewe hakuona aibu. Alisema mkojo ni kama moshi wa jikoni, huna haja ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu ili ujue kinachoungua. "Mutu iko na mudomo ya kudanganya daktari," alisema. "Mukojo haina mudomo." Ilikuwa miaka ya Zaire, tulipoitana citoyen na citoyenne, na kila Jumamosi mtaa mzima ulitoka na majembe kufanya salongo, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro kwa ajili ya taifa. Hospitalini dawa za kupimia zilikuwa zinaisha moja baada ya nyingine, na mwenzake wa kazi pale labo, chumba cha vipimo, alikwisha kuondoka kwenda kutafuta almasi. Papa akabaki peke yake na taa ya spiriti, mirija ya kioo na macho yake.

Mama wa mama yangu, koko wetu, alikaa Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye shamba lake la mihogo. Watu wake ni watu wa mto, kutoka upande wa Isangi, na kwao kati ya mama mkwe na mkwe wa kiume ni haya tupu. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Papa, mtu wa Maniema, aliikubali desturi hiyo siku alipopeleka mahari na hakuivunja tena. Koko akija kwetu, papa alikohoa kabla ya kuingia kiwanjani, ili koko apate nafasi ya kujifunika kikwembe kichwani na kugeukia ukuta. Kama walikuwa na neno la kuambiana, nililibeba mimi.

"Uulize mama kama alilala muzuri," papa alisema akiwa barazani.

"Uambie bokilo nililala," koko alijibu kutoka uani, bokilo kwao ni mkwe, kabla sijafungua kinywa.

Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini ilibidi nisimame katikati niyaseme maneno yao upya. Nilikasirika sana. Nilimuuliza mama kwa nini watu wazima wananifanya mtambo wa simu, akaniambia kwamba bila heshima hiyo koko asingeweza kulala chini ya paa la mkwe wake. "Utaolewa, utajua," alisema, akaendelea kutwanga pondu yake, yale majani ya mihogo.

Msimu mmoja wa mvua koko aliteleza ukingoni mwa mto pale Lubunga. Alikuwa anashuka kutoka kwenye pirogi, mtumbwi wa kuvukia, na kikapu chake, udongo ukamkimbia chini ya miguu, akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Tukamvusha mto tukamfikisha hospitalini, wakamfunga plastre, ile chokaa ngumu nyeupe, mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa kijana mpole aliyetoka masomoni si muda mrefu. Alimwita mama pembeni, nami nikasogea nisikie. Alisema mifupa ya wazee huvunjika kwa urahisi na si ajabu, lakini upo ugonjwa mmoja wa watu wa umri ule unaokula mifupa kutoka ndani, na mtu hajui mpaka anavunjika. Filamu ya mwisho ya kupigia picha ya mifupa walikuwa wameitumia kwa mkono. Kilichowezekana ni kupima mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kuupasha moto tu.

Mama alimweleza koko jioni hiyo, wakiwa nyumbani kwetu, kwenye chumba cha uani alikolala. Koko alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nani atapima mukojo yangu?"

"Labo, mama."

"Labo njo nani?"

Mama alijishughulisha na chandarua. "Ni kazi yake. Anapima ya batu yote, ya bakubwa na ya batoto. Haangalie ni ya nani."

"Bon," koko alisema.

Ingetupasa kushtuka pale pale. Koko alikuwa mtu wa kubishana hata na mvua, na sasa kitu kizito kama kile alikikubali kwa neno moja. Lakini tulikuwa na njaa, ugali ulikuwa unapoa, na hakuna aliyetaka kulifungua tena jambo lile.

Kwa sababu ya mkono wa koko, mama alikuwa analala naye chumba kimoja. Chini ya kitanda waliweka ndoo ndogo ya enameli yenye kifuniko, kwa sababu choo kilikuwa mwisho wa kiwanja na mvua haikuwa na huruma. Asubuhi, mama akiwa jikoni anawasha makaa, koko aliniita mlangoni akanipa chupa. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, nayo alikuwa ameivingirisha ndani ya majani ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo, na kuikaza kwa kamba, kwa mkono mmoja na meno, mpaka hakuna ambaye angejua kilichomo.

"Peleka," alisema. "Usionyeshe mutu."

Nikapeleka. Papa aliyafungua majani taratibu sana bila kunitazama. Naye alikuwa na haya, masikini, niliona jinsi alivyoyashika majani kwa ncha za vidole tu. Alimimina kidogo ndani ya mrija, akautumbukiza kwenye maji aliyokuwa anayapasha juu ya taa ya spiriti. Nilibaki pale kwa sababu nilipenda moto ule wa buluu. Maji yalipopata uvuguvugu mkali, mkojo ulianza kuchafuka, ukawa mweupe kama maji ya kuoshea mihogo. Papa akakunja uso. Akaacha maji yachemke. Yalipotokota, weupe wote ukaondoka na mkojo ukawa safi, unapitisha mwanga. Akautoa, akaushika hewani upoe. Weupe ukarudi.

Papa alikuwa amenifundisha mambo machache kwa mchezo, na nilijua kwamba mkojo wenye ugonjwa wa figo ukichafuka kwa moto haurudi kuwa safi. Huu ulikwenda ukarudi. Nilimtazama nimuulize, naye alikuwa ameutumbukiza tena mrija kwenye maji, autazame upya.

"Ni nini, papa?"

"Rudi nyumbani," alisema. "Usiseme kitu."

Mchana daktari alikuja mwenyewe labo akatazama, papa akarudia mbele yake, mkojo ukafanya vile vile. Ulikuwa ule ugonjwa. Daktari alisema mifupa ya bibi huyu sasa ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa, kwa nje unaiona imesimama. Dawa, kama ipo, ingekuwa mbali, Kinshasa au Ulaya, na hata huko ingemsogeza mbele tu. Hapa kwetu jambo la kufanya lilikuwa kumlinda asivunjike tena. Asibebe kitu, asiiname, asianguke. Hata kikohozi kikubwa kingeweza kumvunja ubavu.

Papa alimwambia mama barazani, nami nikiwa nimekaa miguuni pake. Mama alilia na kikwembe mdomoni ili sauti isifike uani. Halafu wakakubaliana bila hata kushauriana sana: koko asiambiwe. Kwetu mzee haambiwi kifo chake. Unambembeleza, unampikia anachopenda, unamwacha aende na roho nyepesi. Nami nikaapishwa kunyamaza.

Basi ikaanza kazi ya kumlinda koko. Mama alisema mguu wa mama yake hautagusa chini, na mama akisema kitu alikifanya. Alimbeba kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, kutoka kwenye kiti mpaka chooni, kutoka chooni mpaka bafuni, ile kona ya uani tuliyoizungushia mabati. Koko hakuwa mwembamba. Alikuwa na mwili wa mtu aliyekula samaki wa mto maisha yake yote.

"Weye iko na wazimu?" koko alipiga kelele. "Ni mukono njo ilivunjika! Haiko mguu!"

"Unyamaze, mama. Nikubebe."

"Nitatembea!"

"Hautatembea."

Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilijua, kwa sababu koko aliyebebwa mgongoni akipiga mateke hewani alikuwa kichekesho. Usiku nilimsikia mama akiguna anapojilaza. Mgongo wake ulikuwa unauma tangu kiangazi kilichopita. Alisema ni salongo, ni kinu, ni umri unaokuja. Alikuwa amepauka na kuchoka, akipanda ngazi ya baraza anasimama kwanza. Papa alimletea vidonge vya vitamini. Alikuwa anapima mikojo ya mji mzima, lakini kwa mke wake mwenyewe akaishia kutoa vidonge vya vitamini. Nikikumbuka hilo hata leo nataka kurusha kitu ukutani.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo. Papa alikuwa barazani anaosha jembe. Mama alikuwa bafuni na koko, anamwogesha, nami nimesimama nje ya mabati nimeshika kikwembe kikavu. Nilimsikia mama akisema, "Shika shingo yangu," kisha akavuta pumzi ili amwinue. Halafu nikasikia mlio, kama mtu amevunja ukuni mkavu gotini. Mama hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, ya mshangao, kisha wote wawili wakaanguka chini kwa kishindo.

Nilisukuma bati nikaingia. Koko alikuwa juu, mama chini. Na nilichofikiria, Mungu ananisikia, ni mifupa ya koko. Nilipiga mayowe, "Koko, usijitikise! Usijitikise!"

Koko alijitikisa. Aliweka mkono mzima chini, akajiinua, akasimama kwa miguu yake miwili bila shida yoyote, maji yanamtiririka. Mama alibaki pale pale kwenye tope la sabuni. Mkono wake wa kulia, sehemu ya juu, ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono hauna kiungo. Niliutazama na akili yangu ikakataa. Nilikuwa nimeshika kikwembe kikavu na sikujua nikifanyie nini.

"Mbona mama?" nilisema. Nilimwambia koko, kana kwamba amefanya kosa. "Mbona mama? Ni wewe mwenye mifupa ya kuvunjika! Mukojo yako njo ilisema!"

Koko aligeuka. "Mukojo yangu ilisema nini?"

Kiapo kilikuwa kimekwisha. Nilimwambia yote pale, nikilia: ugonjwa unaokula mifupa, weupe uliokwenda ukarudi, kwa nini anabebwa kama yai. Nilivyokuwa nasema, uso wa koko ulikuwa unabadilika, na sikuelewa, maana haukuwa uso wa mtu anayeambiwa kifo chake. Ulikuwa uso wa mtu anayeona nyumba ya mtoto wake inaungua.

Papa akaingia mbio. Hakukohoa. Koko alikuwa amesimama mbele yake na kikwembe kilicholowa kiunoni, mabega wazi, kichwa wazi, nywele zake nyeupe ambazo mkwe wake hakuwahi kuziona. Hakujifunika wala hakugeukia ukuta. Alimtazama papa machoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari alimwambia neno bila kunipitia mimi.

"Bokilo, ile mukojo haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yako, ya mutoto yangu."

Nilimwona papa akisikia. Sijui niseme vipi. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake chini ya kichwa cha mama, akainua uso kwa koko. Mama naye alisikia. Hakuwa amezimia. Alisema polepole, "Mama, ulifanya nini?"

Koko aliona haya mkojo wake upite mikononi mwa mkwe. Hakuweza. Alfajiri ile alisubiri mama atoke, akavuta ndoo ya enameli aliyoitumia mama usiku, akamimina kwenye chupa. Mama ni mwanawe, alifikiri, ametoka tumboni mwake, damu ni moja. Mkojo wa mmoja una ubaya gani kwa mwenzake? Tena mama ni mzima, daktari ataona ni safi, na mambo yataishia hapo. Alinyamaza kwa heshima. Nasi tulinyamaza kwa heshima. Kama koko angeambiwa siku ile ile kwamba mkojo wake una kifo, angesema siku ile ile ni wa nani. Badala yake mwenye mifupa mizima alibebwa, na mwenye mifupa iliyoliwa akambeba. Wazee husema mficha maradhi kifo humfichua, lakini sisi hatukuficha maradhi yetu wenyewe, tulimfichia mtu kwa upendo, na kwa hilo sina methali.

Mama alilazwa. Mkono wake ulifungwa plastre kubwa mpaka begani, na daktari alikataza hata kumgeuza bila watu wawili. Tuliishi naye mpaka msimu uliofuata wa viwavi wanaoliwa, akivunjika kidogo kidogo, mara ubavu, mara mfupa wa shingoni, akitania kwamba yeye sasa ni kikombe cha harusi. Siku hizi nasikia wanapima mkojo wa wazee kutafuta habari za mifupa kabla haijavunjika, na watu wanashangaa kwamba maji ya kibofu yanaweza kujua mambo hayo. Mimi sishangai. Kinachonishangaza mpaka leo ni koko, siku ya pili baada ya mama kulazwa.

Nilikuwa labo na papa. Alikuwa amekaa tu, hajafungua hata dirisha. Mlango ukafunguliwa na koko akaingia. Alikuwa ametembea kutoka Kabondo kwa miguu yake, na mkononi alishika chupa ile ile ya dawa ya kikohozi. Safari hii hakuna majani, hakuna kamba. Aliipitisha wazi katikati ya mji, rangi yake ya manjano ikionekana na kila mtu, mbele ya wanafunzi, mbele ya wanawake wa soko, mbele ya watu waliomwita mama. Akaiweka juu ya meza mbele ya papa.

"Pima," alisema.

"Mama..." papa alisema, naye hakunitumia mimi.

"Ile usiku labda na miye nilitumia ndoo. Sikumbuke. Labda yetu ilichanganyika. Labda ile ya mubaya ni yangu, na yeye alivunjika juu ya uzito tu. Miye ni muzito. Pima, bokilo."

Papa aliwasha taa. Koko alisimama karibu naye kabisa, bega kwa bega, macho juu ya mrija. Maji yakapata uvuguvugu. Nilikuwa naomba, na nilijua ninachoomba: niliomba mkojo wa koko wangu uchafuke. Midomo ya koko pia ilikuwa inatembea. Mkojo ulibaki safi. Maji yakachemka, ukabaki safi. Aliutoa ukapoa, akauinua kwenye mwanga wa mlango, na ungeweza kuona vidole vyake upande wa pili.

"Hakuna kitu, mama," papa alisema. "Mifupa yako iko muzima."

Nimeona watu wengi wakipokea habari njema. Sijaona tena mtu aliyepigwa nayo vile. Koko alishika ukingo wa meza kwa mkono wake wenye plastre, akatikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula.

"Rudia," alisema.

Papa akarudia. Ulikuwa safi.

"Chupa ingali na ingine ndani. Rudia, bokilo. Nakuomba."

Na papa, ambaye maisha yake yote hakumkatalia mama mkwe wake neno hata moja, akamimina tena, akasogeza taa.